Nakala ya Kaboni

Elkana Mudeizi alilipa kwa ukurasa,
shilingi saba mwanzoni, kumi na tano mwishoni,
na katikati deni, refu kama mvua ya Aprili.
Alipanda ngazi za ofisi yetu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
miswada yake imo katika mfuko wa unga,
na kabla ya salamu: "Usiniguse wahusika.
Rekebisha vituo tu."

Nilikuwa vidole vyake.
NDANI. JIKO. USIKU.
Hivyo ndivyo alivyoanza kila kitu,
hata barua kwa mwenye nyumba:
NDANI. CHUMBA CHA KUPANGA. KODI HAIPO.
Nilicheka, nikaipiga hivyo hivyo, nakala tatu.

Alianza na michezo ya redio:
mlango, viatu, kikohozi cha mume.
Kisha runinga ikamwita, ikamlipa kwa hundi
zilizorudi kutoka benki zimechoka kuliko yeye.
Aliandika mahakimu, makuli, wakewenza wa Jericho,
daktari wa meno asiye na meno.
Jumatatu usiku mtaa mzima uliyarudia maneno yao
na asubuhi akapita katikati ya mtaa huo huo
kununua maziwa kwa mkopo.

Wakaja wageni kutoka Hollywood,
kamera zao zimefunikwa blanketi kama wagonjwa.
Walikaa hoteli yenye bwawa, wakamwita rafiki,
wakataka hadithi ya Nairobi.
Akawapa mama wa Kaloleni anayekesha
siku ya mgomo, mwanawe hajarudi
kutoka Eneo la Viwanda.
Wakasifu sana.
Wakauliza simba anaingia ukurasa wa ngapi.

Rasimu ya pili: simba, kwa mbali.
Rasimu ya tano: simba, na daktari aliyetoka ng'ambo.
Rasimu ya tisa: mama hana jina tena,
amebaki na mstari mmoja, mlangoni.
Elkana alinitazama nikibadilisha utepe wa wino.
"Huo wasiuguse," alisema. "Huo nitaufia."

Filamu ilirudi baada ya mwaka na nusu.
Tulikwenda pamoja, viti vya nyuma, yeye na tai.
Simba akapita. Daktari akalia.
Kisha mama yule, Kiswahili chake kimevaa viatu vya kuazima,
akamwambia mtoto:
"Funga mlango. Usiku hauna adabu."

Mtu mmoja mbele akaguna, "Kweli kabisa."
Elkana akanyoosha tai.

Majina yakapanda: mpishi, dereva,
mfuga simba, simba mwenyewe.
Tukasoma mpaka taa zikawashwa
na mfagiaji akatuinulia miguu.
Mwisho kabisa: Shukrani kwa watu wa Nairobi.
"Basi nimo," akasema. "Kwani mimi wa wapi?"

Sikumwambia, na labda alijua.
Sentensi ile niliisema mimi,
Alhamisi moja, nikitafuta kufuli,
yeye akihesabu sarafu kwenye meza yangu.
Kalamu yake ilisimama. Nilidhani amekosea hesabu.
Hata mimi niliichukua kwa shangazi, Pumwani,
naye sijui alimwibia nani.

Hakuandika tena kwa wageni.
Aliandika matangazo ya sabuni, miaka kumi na moja,
na usiku, kwa ajili yake, filamu ya mama yule,
mara hii ana jina, mara hii mwana anarudi,
au harudi; alibadilisha kila mwezi,
nami nikapiga kila mwezi, kwa deni.

Juzi wanawe wameniletea wasifu wa marehemu,
umeandikwa nyuma ya kalenda.
Wamesema alikuwa mfanyabiashara.
Hapo nikavunja sharti lake, sikugusa vituo pekee.
Nilianza: NJE. MAKABURI YA LANG'ATA. ASUBUHI.
Nikamweka mtu anayetembea na mfuko wa unga,
nikampa maneno yake yote, hata lile moja.

Wakanilipa ukurasa mmoja.
Zilikuwa mbili.