Pangani kwa Miguu

Tuanzie hapa, kwenye kivuli cha Boma,
maana jua la saa tano halina adabu.
Mawe haya ya matumbawe yalipandishwa migongoni.
Migongo ya nani? Kibao hakisemi.
Mimi husema, kisha nanyamaza kidogo.

Sasa Uhindini. Tazameni juu:
roshani imebaki na meno matatu,
na chini yake duka lililouza ufuta, kaniki,
pembe,
na naam, mmekwisha kisia.

Mlango huu wa nakshi, upigeni picha.
Pacha wake uliuzwa mwaka wa njaa.
Babu yangu Mwinjuma, seremala,
ndiye aliyeung'oa, huku akihesabu misumari,
akaziba tundu kwa bati.
Bati lile limeshapata kutu ya miaka arobaini
wala hakuna anayeliulizia umri.

Ghala la katani: popo.
Forodha: popo, na karani mmoja.
Ng'ambo kule ni Bweni; pantoni ikipona tutavuka.
Mkate wa kumimina ni kwa Bi Mwanakombo,
msimwambie bei ya hotelini.

Swali? Wewe dada mwenye kofia.
Wenyeji tunapenda nini hapa?

Ngoja.
Miaka tisa ya kazi hii, sijaulizwa.

Basi, ni magharibi, mkishaondoka.
Ukuta wa Boma unakuwa umeshiba jua,
una joto kama mtu.
Tunakaa chini, wachuuzi, mimi, karani wa forodha,
tunaegemeza migongo
palepale.