Sauti ya Nello

Nello Bardazzi sikumwona kwa macho hata siku moja.
Nilimsikia kwanza, karakana ya useremala, Tosamaganga,
Bruda Ottavio akipiga randa, mimi nikizoa maranda,
na santuri ikizunguka juu ya benchi
kati ya kopo la gundi na misumari.
"Huyu wa kwetu," alisema Bruda. "Baba yake alitushonea viatu."
Wimbo ulikuwa wa mtu aliyesahau koti kwenye treni
na sasa anasikia baridi. Basi, hakuna zaidi.
Lakini Iringa, mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi,
wimbo wa baridi hauhitaji mkalimani.

Jalada lilimwonyesha: meno, nywele za mafuta,
tai nyembamba kama utambi.
Miaka mitatu alitamba, Bruda alinihesabia kwa vidole vinane alivyobakiwa navyo.
Mwaka wa nne wakaja vijana wa magitaa ya kelele,
na Nello akawa wa kuimba harusi za watu,
kisha ufunguzi wa maduka ya friji.
Ndipo mtu mmoja akamwambia:
sauti imekwisha, uso bado. Njoo kwenye filamu.

Bruda aliporudishwa kwao, mapafu yamejaa vumbi la mninga,
aliniachia tezo, randa mbili, kasha la kanda za video.
Nikahamia Mafinga, nikajenga banda:
mabanzi ya msonobari, jenereta, magogo ya kukalia,
kiingilio shilingi hamsini, mwenye ulanzi abaki nje.
Wote waliingia nao.

Wenzangu walionyesha mateke. Mimi nilionyesha Nello.
Kiitaliano changu kilikuwa cha karakana:
pima, kata, polepole, mjinga wewe, Mungu wangu.
Kwa akiba hiyo nilimtafsiri akiwa tarishi,
akiwa askari wa forodha anayehongwa jibini,
akiwa mume anayerudi usiku na kukuta kufuli jipya.
Nisipoelewa alichosema, nilimsemea.
Nilimpa deni la mbolea. Nilimpa mashemeji wa Njombe.
Wapakizi wa mbao walicheka hadi vikombe vikamwagika.

Na alizeeka upesi, maskini, ndani ya kasha moja:
Jumatatu ana kiuno, Ijumaa ana kitambi,
Jumapili anamchezea baba mzazi
kijana ambaye Jumatano alikuwa mdogo wake.

Kanda ya mwisho ni mfagiaji wa ukumbi uliofungwa.
Robo saa nzima hasemi neno, nami nimekaa bure,
kipaza sauti mkononi, betri inaliwa.
Kisha mtoto anatokea mlangoni, anamwambia: imba.
Hilo nililielewa.
Nello anafungua kinywa. Anakifunga.
Anarudi kwenye ufagio.

Banda likachafuka.
"Aimbe!" Semduba, dereva wa roli la magogo, alisimama.
"Luhwago, mwambie aimbe, tumelipa!"
Kana kwamba mimi ndiye niliyemziba.

Nikaenda mbele ya kioo, mwanga ukaniangukia mgongoni,
nikaimba lile koti.
Kwa Kiswahili, na Kihehe pale Kiswahili kilipokuwa kifupi,
na nilipokwama kabisa nikaimba randa: shwaa, shwaa.
Sauti yangu si nzuri, mke wangu Atupele ni shahidi.
Hakuna aliyecheka. Semduba alifunga vifungo vya koti lake
kimoja kimoja, mpaka shingoni.
Wanasema nyuma yangu Nello aliendelea kufagia,
ila mara moja aliinua uso kama mtu aliyeitwa.
Nimeirudia kanda ile mara nyingi. Pale kuna mkwaruzo tu.

Siku hizi kila nyumba ina dishi lake.
Banda linatunza viazi vya mbegu.
Sijui kama yu hai, wala nani kwao angenijibu.
Lakini nikipita sokoni wananiita,
"Nello! Mlango wangu lini?"
Naitika.
Nasema kesho, kama fundi yeyote.