Ufunguo wa Akiba

Mimi ni fundi wa funguo, Ngara,
kibanda cha bati ubavuni mwa duka la neti za mbu.
Ufunguo mmoja huingia, hutoka miwili,
na chenga za shaba hunibaki kwenye kucha
hadi ugali wa usiku una ladha ya kufuli.

Syombua alikuja Julai,
baridi ile inayokuingia mifupani bila hodi.
Alitaka kopi mbili: yake, na ya dada yake
anayefika Jumamosi kutoka Kibwezi.
Alikalia kreti ya soda akisubiri,
akasema tupa yangu inalia kama mbuzi.
Basi. Hilo tu. Mbuzi.
Nikaharibu ufunguo wa kwanza.

Alirudi mara nne kabla ya Oktoba,
kufuli la baiskeli, la sanduku, sikumbuki la nini,
nami nikazihesabu mara hizo kama mkopeshaji.
Nikanunua shati. Nikaacha vitunguu vya mchana.
Mara ya tano nikazima mashine kwanza,
sikutaka neno langu lijifiche kwenye kelele.

Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Hapana, Khisa," akasema.
Hakusema bado.
Sababu hakutoa, na sikuwa namdai.

Nitasema ukweli: usiku huo niligeuka wakili.
Nilikishtaki kicheko chake, nikaita mashahidi:
kreti, mbuzi, siku ile alinimegea nusu ya hindi la kuchoma.
Nikaandika ujumbe mrefu kama risala ya mazishi.
Nikaufuta. Nikaandika mwingine, mfupi,
wenye samahani iliyoficha ndoana.
Nikaufuta huo pia.

Na palikuwa na jambo jingine.
Ule ufunguo nilioharibu Julai
haukuwa umeharibika sana.
Jino moja. Mipigo miwili ya tupa
na mlango wake ungefunguka.
Ulikuwa kwenye droo, chini ya risiti,
na kwa wiki tatu nilijiambia umesahaulika pale.
Sikuwa na nia ya kwenda. Naapa.
Ila kuna mtu hasogei mlangoni kwa watu
lakini hulala vizuri akijua anaweza.
Huyo naye ni mwizi. Hajaiba tu.

Mama alitufunza kwamba hodi ni tatu.
Ukibisha tatu, kimya, geuka urudi ulikotoka,
usichungulie dirishani, usizungukie jikoni.
Hakutufunza habari za yule
aliyejibiwa hodi ya kwanza, kwa sauti wazi,
na bado amesimama kizingitini
akijiambia, labda hakunisikia.

Nikaubana kwenye jiliwa.
Nikapiga tupa mpaka meno yakaisha,
mpaka ukawa kijiti cha shaba kisichojua nyumba ya mtu.
Na tupa, kweli, ililia kama mbuzi.
Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.
Vumbi nikalifagia kwenye mkebe wa chakavu
tunaouza kwa kilo.

Amekuja leo. Kitasa kimekwama, kutu imekila.
Baraza, kijana wangu, alikuwa amefuata chai,
kwa hiyo ikawa mimi.
Sikuuliza chochote ambacho kitasa hakikuuliza.
Nikatia mafuta, nikabadilisha springi,
nikamwambia mia tatu, bei ya kila mtu,
kwani hata punguzo lina mkono.

Alilipa. "Asante, Khisa,"
akaenda zake akiruka madimbwi,
mwepesi, bila kugeuka kuona kama natazama.

Nilitazama kidogo. Kisha nikatazama kazi.
Bado inachoma, kama chenga chini ya ukucha,
hasa jioni ninapofunga kibanda.
Lakini ule wepesi wa mgongo wake
nadhani nami nimeutengeneza kidogo,
na huo sikubaki na kopi.