Zamu ya Usiku, Uyole

Saa nane usiku. Baridi ya Juni imenikaba vidole.
Sindano inashuka kichupani, inaonja udongo wa Igurusi,
inainuka.
Nyuma ya pazia, kimyakimya,
majibu ya jana yanasafiri kwenda Dodoma
kidogo kidogo.

Mwezi jana niliyatuma yote kwa mkupuo.
Kompyuta ikasahau mkono wake:
sindano ikaganda hewani,
tindikali ikafurika mezani,
koti la Anyosisye likatoboka.

Sasa nimeifunza adabu:
sindano ikishuka, nyamaza;
ikiinuka, tuma.

Mama, kule Kalenga, alisuka milulu akinisimulia.
Penye fundo gumu
sungura alisimama njiani, mguu mmoja juu,
hadi fundo likaze.

Asilimia sitini na moja.
Sindano inashuka.
Sungura anangoja.