Der, des, dem, den

Mwalimu Pyo hakuwahi kukanyaga Ujerumani.
Aliijua kwa ufito wa mwanzi, akigonga ubao:
der, des, dem, den.
Nasi, wasichana arobaini wa Jeonju,
pumzi zikifuka kwa baridi, tukamrudishia:
der, des, dem, den.
Aliyeteleza alinyoosha kiganja.

Jumamosi tulitafsiri sentensi ishirini.
Paka wa mfalme yumo bustanini mwa daktari.
Maji huombwaje, hatukuambiwa.

Nikashuka Gelsenkirchen na sare ya uuguzi.
Kikongwe wa kitanda cha sita akaniuliza jambo.
Nikatafuta kichwani: paka. Mfalme.
Wodi nzima ikacheka,
nami nikamlaani Pyo kwa Kikorea,
taratibu, bila kosa hata moja la sarufi.

Usiku ule homa ilimpanda Bi Wieczorek.
Akanong'ona: der, des…
akakwama,
akauficha mkono chini ya blanketi.

(Kipolandi ndicho alichonyonya, nilikuja kujua.
Kijerumani alikipokea kiganjani.)

Nikammalizia: dem, den.
Akafumbua jicho moja, kama mtoro aliyenusurika,
akautoa mkono. Nikaushika.
Tukaenda na jinsi ya kike, die, der, der, die,
tukikosea tupendavyo,
mpaka akaielekeza bilauri kwa kidevu
na kutamka neno. Mara mbili.
Nikalitamka.

Hilo sijalisahau.
Wala la Pyo: asubuhi za theluji
bado kiganja huniwasha.