Msomaji wa Katikati

Barua ya kwanza haikuwa yangu.
Ilimtafuta Yudithi, dada yake,
aliyelikodi sanduku hili kabla yangu
akahama bila kuwaaga posta.
Ningeirudisha dirishani, lakini ilikuwa imeshafunguliwa,
imegongwa muhuri wa Isanga, na macho hayana pazia:
"Dada, mwaka huu uwele umetoka, au ndege wameula?"

Nikajibu kwa kalamu ya hesabu za zabibu:
Ndugu Elieza, Yudithi sijui alikokwenda.
Uwele umetoka. Ndege nao wametoka.
Watoto wa Mpunguzi wanashinda juu ya vichuguu
na kombeo na debe, sauti zimewakauka.
Nilidhani nimemaliza.

Baada ya wiki tatu: "Ndugu Sanduku,
ahsante kwa ndege."

Miaka sita ya Ijumaa, baiskeli hadi mjini,
upepo wa Julai ukinitia mchanga menoni,
ufunguo mdogo shingoni kama hirizi.
Aliuliza vitu ambavyo mtu huru haulizwi:
vumbi likipigwa na mvua ya kwanza, harufu bado ni ile?
Mlenda mkavu, kopo ni bei gani siku hizi?
Na treni. "Zamani ilikuwa ikilia usiku, nikajua ni saa nane.
Sasa kuna kitu kinapita kimyakimya
kama mtu anayekwepa deni. Ni nini hicho?"
Nikaenda stesheni mpya kwa ajili yake tu,
nikasimama nje ya uzio, nikaitazama ikiondoka.
Nikamwandikia: ni ya umeme. Haina moshi,
haina cha kulalamikia.

Kosa lake aliliandika mara moja,
mstari mmoja, chini kabisa, palipobaki nafasi.
Nililisoma nimesimama. Kisha nikakaa.
Barua iliyofuata nikamweleza habari za kupogoa,
kwamba mzabibu ukiuhurumia hauzai.
Akajibu: "Usinihubirie, Ndugu Sanduku. Mimi nimelima."
Alikuwa na haki. Nikampa bei ya mlenda.

Na kati yetu alikuwapo wa tatu.
Kila karatasi, ya kwenda na ya kurudi, ilipita mikononi mwake:
herufi mbili za wino wa kijani pembeni, J.M.,
na mara nyingine mstari mzima umefukiwa kwa mweusi.
Mwaka wa nne nikachoka kumpita kama mlango.
Nikaandika mwishoni:
Nawe unayesoma katikati, hujambo? Nyumbani wazima?
Barua ya Elieza ilipokuja, pembeni, kwa penseli,
hafifu kama ya mwizi:
*Sijambo. Mtoto alikuwa na homa, sasa anacheza.*

Machi hii Elieza ametoka.
"Usije getini," aliniambia. "Acha nilizoee jua, nitakuandikia."
Ijumaa ya tatu nikakuta bahasha
isiyo na muhuri wa Isanga, tena imefungwa.
Imefungwa! Gundi mpaka kwenye pembe,
kama aliyemwaga chupa nzima.
Miaka sita sijawahi kuchana barua yake.
Nikatafuta kisu, nikaona haya, nikatumia ukucha.

Ndani, karatasi moja,
nusu yake mistari aliyoikata mwenyewe.

"Ndugu Sanduku, hii ni mara ya nne najaribu.
Nimezoea kuandika tukiwa watatu.
Sasa hakuna wa katikati, nababaika,
kila neno linanitazama mimi tu.
Niko Mvumi, shambani kwa mjomba.
Uwele umetoka. Ndege nawafukuza mwenyewe.
Ukipita Isanga, nisalimie J.M.
Muulize yule mtoto
amefika darasa la ngapi."