Sufuria za Muhonja

Daktari alitundika picha mbele ya taa,
akaelekeza kalamu: hapa, na hapa.
Nilidhani huu mkubwa ndio uliouzaa huu mdogo, alisema.
Sivyo. Hakuna undugu hapa.
Kila mmoja umekuja kwa njia yake.

Alikuwa kijana wa Pwani, aliyeletwa Kisumu na kazi,
akajaribu kunipa neno:
wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja.
Nikamwambia, huko kwenu. Kwetu Khayega
fahali wawili hukutanishwa makusudi, alfajiri,
na watu huja na isukuti.
Akacheka kidogo, akaona sicheki.

Ule wa zamani una miaka kumi na mitano, labda zaidi,
nyuma ya paji la uso, juu ya njia ya pua.
Mgumu, mviringo, mpole.
Umechukua harufu moja moja, bila kelele,
kama mpangaji anayehamisha viti vya mwenye nyumba usiku.

Miaka kumi na mitano.
Nikahesabu sufuria.
Maziwa yaliyoungua naye amesimama palepale,
akiyatazama, akiimba.
Omena aliopika wakiwa wameshaharibika,
wageni wakala kwa adabu, wakaaga mapema.
Na siku ile gesi ilipovuja,
nikarudi kazini nikamkuta anatafuta kiberiti.

Nilimwita mzembe.
Nilimwita hivyo mbele ya mama yangu.
Muhonja akasugua sufuria kwa majivu
mpaka akauona uso wake ndani,
wala hakujitetea,
kwa kuwa naye aliamini.

Ule wa pili una miezi minne tu.
Hauna ukingo. Umeingia kushoto, penye maneno,
kama sukari kwenye chai,
na nani atakutolea sukari kwenye chai?
Ndio uliomwangusha sokoni na debe la mahindi kichwani.
Ndio uliotufikisha kwenye ile picha.
Najaribu kuuchukia, na moyo wangu haukubali wote:
ndio shahidi pekee aliyejitokeza
kumtetea mke wangu.

Walimpasua saa saba.
Ule wa zamani ulitoka mzima, kama kokwa la parachichi.
Harufu hazikurudi.
Ule mwingine waliukwangua walipoweza, wakaacha walipoogopa.
Jumatatu tunaanza mionzi.

Sasa tuko Shinyalu. Mvua ya saa tisa
inashuka kutoka msituni, nami namsomea hewa:
huu ni moshi wa mkaratusi,
sasa udongo,
sasa ng'ombe wa Shitanda, amelowa.
Yeye hutafuta majina, akikosa hukopa.
Chumvi ameiita shemeji.
Mlango ameuita Jumapili.
Tumeacha kumsahihisha. Watoto wenyewe husema,
funga Jumapili, mvua inaingia.

Jana maziwa yalipanda.
Nilikuwa nje napasua kuni, harufu ikanifikia uani.
Sikukimbia.
Nikamkuta ameshika mwiko, anayatazama yakimwagika,
kisha akanitazama mimi,
akalingoja lile neno.

Nikaondoa kuni motoni.
Nikachota majivu,
nikaketi penye Jumapili na sufuria mapajani,
nikaanza kusugua.